Ute wa kijani juu ya rupia: plastiki inavyokula sarafu za kale na namna ya kuziokoa

Rupia ya Kijerumani ya mwaka 1890 ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1000 ni fedha halisi. Upande mmoja yumo Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai. Rupia hizo na wadogo zake, hela za shaba za kuanzia 1904, zilifika Nyanda za Juu Kusini kwa ujira wa wapagazi na mishahara ya askari, zikarudi serikalini kwa kodi ya nyumba iliyoanza kukusanywa mwaka 1898. Nyingine zilibaki. Zilifungwa kwenye pindo la shuka, zikatiwa kibindoni, zikafukiwa ndani ya vyungu. Zikatoka huko zimeiva rangi, zimelika kingo, lakini maandishi yake yanasomeka. Kisha likaja jambo la kusikitisha: mjukuu anayeipenda sarafu ya babu anaitia kwenye kijaluba cha plastiki laini ili isichakae, na baada ya miaka michache anaikuta imevaa ute wa kijani unaonata kama asali.

Mtu wa Mwanjelwa hapa Mbeya aliyekutana na ute huo ana soko zima la vitu vya kuuondolea. Ndani ya dakika kumi za kutembea atapata ndimu, Brasso, rimuva ya kucha, tina ya rangi, petroli, spiriti na tindikali ya betri. Vingi kati ya hivyo vitaiharibu sarafu kuliko plastiki ilivyoiharibu. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: ute huo ni nini hasa, na ni kitu gani kinauondoa bila kugusa chuma kilicho chini yake?

Tuanze na plastiki yenyewe. Vijaluba hivyo laini hutengenezwa kwa PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu. Mabomba ya maji yanayouzwa maduka ya ujenzi ni PVC. Ili ikunjike na kuwa laini kama kava la kitambulisho au kurasa za albamu, kiwanda huichanganya na vilainishi vyenye mafuta, ambavyo huweza kufikia theluthi ya uzito wake au zaidi. Vilainishi hivyo havishikamani na plastiki moja kwa moja. Hukaa katikati yake tu, na miaka inavyokwenda hutoka taratibu na kutulia juu ya chochote kinachoigusa. Wakati huohuo joto na mwanga huivunja PVC yenyewe, nayo hutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka tindikali. Tindikali inaishambulia shaba iliyomo ndani ya sarafu, inazaliwa kloridi ya shaba yenye rangi ya kijani, na kloridi hiyo inachanganyika na mafuta ya vilainishi.

Maana yake ni kwamba ukijani unaouona umetoka kwenye sarafu. Plastiki ilileta mafuta na tindikali; shaba ilitolewa na sarafu. Ute ukiwa bado hauna rangi, kama jasho la mafuta tu linalofifisha uso, sarafu haijapoteza kitu na inaweza kuokolewa yote. Ukishakuwa kijani, sehemu ya uso imekwishaliwa, na kazi inayobaki ni kuzuia ulaji usiendelee. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye sarafu alijue kabla ya kununua dawa yoyote, kwa sababu wengi husubiri hadi ukijani uenee ndipo washtuke.

Si sarafu zote zinazoumia sawasawa. Rupia ina shaba kidogo, kwa hiyo huvumilia kwa muda. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, ile ya simba na milima, ina sehemu 250 tu za fedha katika 1000, na ndani yake kuna shaba nyingi. Kuanzia 1948 ilitengenezwa kwa shaba na nikeli bila fedha kabisa. Shilingi hizi zipo nyingi huku kwetu. Mbeya ilikua kwa dhahabu ya Lupa kule Chunya katika miaka ya 1920 na 1930, na vibarua wa migodini walilipwa kwa shilingi hizo. Hela za Wajerumani na senti zenye tundu za Waingereza ni shaba karibu tupu, na ndizo zinazoliwa haraka kuliko zote. Senti 20 ya mwaka 1966 yenye mbuni ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, nayo haijasalimika. Hata hela 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati sarafu kutoka kwao, ni shaba au shaba yenye zinki. Zilitengenezwa kwa haraka katika karakana ya reli, uso wake tangu siku ya kwanza haukuwa laini, na ute hujificha ndani ya kila kishimo.

Kabla ya kuondoa chochote, hakikisha ni ute wa plastiki. Shaba ina ukijani wa aina tatu na tiba zake hazifanani. Wa kwanza ni ule mgumu, uliotulia, wa kijani kibichi au wa kahawia unaoelekea kijani. Huo ni ngozi ya umri, umeilinda sarafu kwa miaka mingi, na haupaswi kuondolewa. Wa pili ni unga mwepesi wa kijani cheupe unaotokea kwenye vidoa, ukipanguswa unarudi baada ya wiki chache. Huo unaitwa ugonjwa wa shaba, unatokana na kloridi iliyozama ndani ya chuma, na huzipata sana sarafu zilizokaa kwenye udongo wa chumvi, kama zile za shaba za masultani wa Kilwa. Wa tatu ndio wetu. Unang'aa, unanata, mara nyingi unapitisha mwanga, na huonekana zaidi pale uso wa sarafu ulipogusana na plastiki. Chukua kijiti cha meno cha mbao na lenzi ya kukuzia, gusa pembeni mwa doa kwa upole. Likinata au kuburutika kama mafuta yaliyoganda, ni plastiki. Likipukutika kama unga, acha, tatizo ni jingine. Weusi wa fedha nao si ugonjwa: ni salfa ya hewani, na mkusanyaji anayejua huulipia.

Sasa turudi sokoni. Ndimu, ukwaju na siki ni tindikali, na tatizo la sarafu hii lilianza na tindikali. Kweli vitaondoa ukijani, lakini vitaondoa pia ngozi ya umri na tabaka jembamba la chuma, na shaba itabaki na rangi ya waridi isiyo ya kawaida ambayo mtu yeyote aliyezoea sarafu huitambua kwa kuitazama mara moja. Majivu, mchanga, dawa ya meno, Brasso na stili waya hufanya kazi kwa kukwaruza. Mikwaruzo hiyo haifutiki milele. Uso wa sarafu iliyopigwa kiwandani una mistari midogo sana iliyotokana na chuma kutiririka chini ya muhuri, na ndiyo inayofanya mwanga uzunguke unapoigeuza. Ikisuguliwa mara moja tu, mistari hiyo inakufa. Sonara akiing'arisha kwa mashine atakurudishia kipande kizuri cha fedha, lakini si sarafu tena kwa macho ya mkusanyaji. Ile mbinu ya magadi na karatasi ya aluminiamu huondoa weusi wa fedha, haigusi mafuta ya plastiki, kwa hiyo hapa haina kazi.

Kuhusu betri nasisitiza kwa sababu ya usalama wa watu. Kwenye maduka ya spea kuna chupa mbili zinazofanana: moja ya maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri, nyingine ya tindikali ya salfa ya kujazia betri mpya. Watu huziita zote mbili maji ya betri. Ya kwanza itakufaa, kama nitakavyoeleza. Ya pili itakula sarafu, na ikikurukia jichoni italila jicho. Soma lebo, na kama chupa haina lebo usiinunue.

Kinachotakiwa ni kiyeyusho cha mafuta ambacho hakina tindikali wala kikwaruzo, na kinachokauka bila kuacha kitu. Kiyeyusho hicho ni asetoni safi. Huyeyusha vilainishi, haiingiliani na fedha wala dhahabu, na hukauka yote. Rimuva ya saluni huwa na asetoni ndani yake, lakini nyingi huongezewa maji, rangi, manukato na mafuta ya kulainisha kucha, na vyote hivyo hubaki juu ya sarafu. Zipo pia rimuva zisizo na asetoni kabisa, na hutangaza hivyo kwenye chupa kama sifa. Tina ya rangi ni mchanganyiko unaobadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Hujui umenunua nini, na mvuke wake ni mbaya zaidi kwa mapafu. Petroli ina viongezo na benzini inayosababisha saratani. Mafuta ya taa huacha mafuta yake mahali pa yale yaliyoondolewa. Spiriti huondoa kidogo, inasaidia pale ute ulipo mpya na mwepesi, lakini kwa ute wa miaka ni dhaifu.

Asetoni safi hupatikana kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Usishangae muuzaji akikuuliza unaitakia nini. Asetoni imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa kuwa hutumika pia kuzitengenezea, na hapa nchini kemikali zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003. Chupa ndogo inatosha kwa sarafu nyingi. Jibu kwa uwazi na uandike jina lako.

Kazi yenyewe haina haraka. Andaa mitungi mitatu midogo ya kioo yenye vifuniko vya chuma, kwa sababu asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki na itarudisha juu ya sarafu uchafu uleule unaoukimbia. Ipige sarafu picha pande zote mbili. Ishike kwa kingo, itumbukize kwenye mtungi wa kwanza hadi izame, funika, iache kwa nusu saa hadi saa kadhaa, ukiigeuza mara moja moja kwa kijiti cha mbao. Ute utalegea na kuondoka, mara nyingi bila kuguswa. Pale palipogoma, kwenye herufi au manyoya ya simba, viringisha kipamba kilicholowa asetoni juu yake kama unavyoviringisha kalamu mezani, bila kusugua, na kila kipamba kikichafuka kitupe. Kisha ihamishie mtungi wa pili wenye asetoni mpya kabla haijakauka. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Asetoni ya kwanza imebeba mafuta yaliyoyeyuka. Ikikaukia juu ya sarafu, mafuta yote yanarudi yalipokuwa na kuacha duara la weupe. Mtungi wa tatu ni wa kusuuza tu. Ukiitoa hapo, iweke juu ya kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, na ndani ya dakika moja itakuwa kavu. Kama kulikuwa na vumbi au chumvi, ambavyo asetoni haiviyeyushi, isuuze kwa maji yaliyokenekwa, kisha irudishe kwenye asetoni safi ili maji yaondoke. Maji ya bomba yana klorini, yaepuke.

Kwa hela na senti za shaba nyekundu nenda kwa tahadhari zaidi. Fupisha muda, usiweke mtungi juani, na usishangae rangi ikibadilika kidogo pale palipokuwa na ute: hiyo ni rangi ya shaba iliyoliwa, iliyokuwa imefichwa. Baadhi ya wakusanyaji hupendelea zailini kwa shaba, nayo huyeyusha vilainishi vizuri sana. Lakini mvuke wake ni mkali na hukaa hewani muda mrefu, na kwa mtu anayefanyia kazi hii nyumbani siipendekezi.

Halafu kuna moto. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na waliopoteza mali siku ile wapo bado, kwa hiyo hapa sihitaji kueleza moto unavyokwenda. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo baridi ya Mbeya ya Juni na Julai haikulindi hata kidogo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapanda darini, utatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili, na moto utafuata njia hiyohiyo kurudi kwenye mtungi. Fanyia kazi uani, mchana, pasipo jiko, sigara wala mshumaa, na watoto wawe mbali. Usiifanyie kazi hii kwenye kibanda cha sokoni, hata kwa sarafu moja. Glavu nyepesi za hospitali hupenywa na asetoni haraka, kwa hiyo kibano cha mbao kina faida kuliko glavu. Asetoni iliyotumika usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Kiasi kidogo kiache kiishe chenyewe uani ndani ya chombo kilicho wazi, mbali na watu.

Kuna mahali asetoni inafikia mwisho. Inaondoa mafuta na kloridi iliyobebwa ndani ya mafuta hayo, haiondoi kutu ya shaba iliyokwisha shikamana na chuma. Ukimaliza kuosha ukakuta vidoa vigumu vya kijani, au vishimo vidogo kama vya sindano, hapo ndipo pa kusimama. Kishawishi cha kuongeza ndimu kidogo tu huja saa hiyo. Kishimo ni chuma kilichoondoka, na hakuna dawa inayokirudisha. Kinachoweza kufanyika ni kukiweka pakavu ili kisiongezeke. Sarafu zenye thamani ya kitaifa zisiguswe kabisa na mtu asiye fundi wa uhifadhi. Nazungumzia rupia 15 za dhahabu za Tabora zenye tembo, pysa za Sultani Barghash zenye mizani, na chochote cha Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa ni malikale, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Pa kuvipeleka ni Makumbusho ya Taifa.

Kuosha ni nusu ya kazi. Sarafu ikirudi kwenye kijaluba kilekile, ute utarudi pia. Kwa bahati nzuri plastiki unaweza kuijaribu mwenyewe. PVC laini ina harufu kali ya koti jipya la mvua na huvutika kidogo ukiikunja. Kata kipande chake ukitumbukize majini: polithini na polipropilini huelea, PVC huzama. Poliesta nayo huzama ingawa ni salama, kwa hiyo kuzama pekee si ushahidi. Ushahidi ni moto. Pasha waya wa shaba kwenye jiko la gesi hadi usitoe tena rangi, uguse plastiki ukiwa bado wa moto ili ibaki chembe tu, urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini. Fanya hivyo nje, kwa kipande kidogo, siku tofauti na ile ya asetoni, na usivute moshi wake.

Jaribio hilo linatoa majibu ambayo wengi hawayatarajii. Mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa ya polithini. Ilistahili kuondoka kwa ajili ya mitaro na mifugo yetu, lakini kwa sarafu haikuwa adui. Adui ni vile vitu vinavyoonekana vya heshima: kava laini za vitambulisho, pochi zenye vidirisha, albamu za picha, kitambaa cha plastiki cha mezani kilichokatwa vipande. Vijaluba vigumu vya poliesta ndivyo vinavyofaa zaidi. Visipopatikana, kijimfuko cha polithini chenye kufungwa kwa zipu kinatosha kwa muda, sarafu moja kila mfuko. Bahasha za kaki na mipira ya kufungia noti zina salfa, zitaifanya fedha kuwa nyeusi.

Hali ya hewa ya Mbeya ni rafiki kuliko ya Tanga au Unguja, ila si mwaka mzima. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hujaza unyevu ndani ya nyumba, na mchana bati hupasha dari. Unyevu na joto ndivyo PVC na kloridi zinavyovihitaji. Weka sarafu katika chumba cha ndani, chini, kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembe za silika vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba. Vikishalowa havifanyi kazi. Vikaushe kwenye joto dogo na uvirudishe. Kagua baada ya mwezi mmoja, halafu kila masika yanapokwisha. Unga wa kijani ukichomoza mahali palepale, huo si ute wa plastiki, ni ugonjwa wa shaba, na sarafu hiyo itengwe na nyingine.

Kwa wanaotaka kuuza, soko la dunia lina msimamo unaoeleweka. Kampuni kubwa za Marekani zinazopima hali ya sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hazitoi daraja la kawaida kwa sarafu yenye ute wa PVC, na sarafu iliyosuguliwa nayo hurudishwa bila daraja hilo. Iliyooshwa kwa asetoni vizuri hupita, kwa kuwa hakuna kilichotolewa kwenye chuma chake. Huku kwetu hali ni ngumu zaidi, maana uvumi kwamba rupia za Mjerumani zina madini ya ajabu ndani umewafanya watu wazikwangue, wazipige nyundo na kuzichoma kutafuta kisichokuwemo. Gramu 11.66, asilimia tisini na mbili fedha, iliyobaki shaba: hicho ndicho kilichomo. Muuzaji mwaminifu atamwonyesha mnunuzi picha ya kabla na ya baada, amwambie palipokuwa na ute na alichotumia kuuondoa, na bei ipangwe hapo.